Kotmiri Niliyoiombea Isitoke

Mwanangu mdogo alirudi kutoka skuli na kikombe cha mtindi kilichojaa udongo. Mwalimu wao aliwapa kila mmoja mbegu chache za giligilani wazipande, wazitazame, kisha wachore picha. Akakiweka kikombe chake kwenye dirisha la jikoni kwetu Khuwair ya Kusini, hapa Oman, pale jua la asubuhi linapoingia, na mimi nikakisahau. Kisha asubuhi moja, nikiwa namimina chai, akaniita kwa furaha nyuma ya mgongo wangu.

"Mama, imetoka."

Niliweka birika chini. Nikavuta kiti nikakaa. Mtoto akaniuliza kama naumwa, nikamwambia siumwi, nimekaa tu. Alininyoshea kikombe nione: miche mitatu myembamba kama uzi. Mimi, mtu mzima mwenye nywele zilizoanza kuingia mvi, nilikuwa nimeogopa miche mitatu ya kotmiri. Basi la skuli lilipiga honi chini, akakimbia, na mimi nikabaki pale na chai inayopoa, nimerudi Darsait ya utoto wangu.

Tulikuwa tukikaa ghorofa ya pili, juu ya gereji ya kupiga rangi magari. Wenzangu waliokulia mitaa ile wanaijua ile harufu: rangi, vumbi la msasa, na kutoka kila dirisha harufu ya kitunguu kinachokaangwa. Baba alikuwa akifanya kazi mbali, upande wa uwanja wa ndege, na alitoka mapema kila siku. Nyumbani nilibaki na Mama. Sikuwa na ndugu. Sikujua kwamba hilo lilikuwa jambo la kuhuzunisha; nilidhani ndivyo nyumba yetu ilivyo, kama watu wengine wanavyokaa karibu na msikiti na wengine mbali.

Mara mbili kabla ya hapo Mama aliwahi kwenda hospitali, na mara zote mbili niliambiwa amekwenda kung'oa jino. Alirudi akilala ameelekea ukutani, hataki redio, hataki taa, na mimi nikamhurumia sana kwa jino lake. Mara ya pili nilingoja mpaka akapiga mwayo, nikamchungulia. Meno yake yote yalikuwapo. Sikumuuliza mtu. Nilielewa tu kwamba liko jambo la watu wazima linaloitwa jino, na kwamba mtu hatakiwi kulitazama sana.

Mara ya tatu aliondoka asubuhi, akitembea kwa kushika ukuta, hatua fupi fupi kama mtu aliyebeba bakuli la supu lililojaa mpaka ukingoni. Baba alimshika kiwiko. Mama alinibusu kichwani akasema anakwenda kupumzika. Safari hii hakuna aliyetaja jino, na hilo ndilo lililonitia wasiwasi wa kwanza.

Siku ile ile akaja Bibi, mama yake Mama. Yeye alikuwa akikaa Mawaleh kwa mjomba wangu, karibu na soko kubwa la mboga, na alikuwa haliamini hata kidogo. Alizaliwa Unguja, akaja Oman mtu mzima, na katika mambo ya jikoni hakuwa amehama. Alifika na begi la nguo, kinu chake cha jiwe kilichofungwa kwenye kanga, na chupa ya giligilani. Alipomaliza kuswali alikwenda kwenye kibaraza chetu kidogo chenye nondo, akaangalia jua linapopiga, akasema hapa patafaa.

"Patafaa nini, Bibi?"

"Kotmiri. Mama yako chakula cha hospitali hakimpiti. Kasema roho yake inataka chatini ya kotmiri. Ile ya sokoni mie simpelekei, inanuka gari."

Skuli tulikuwa tukisema kizbara tu, kwa Kiarabu, kavu au mbichi, kwa hiyo nikamuuliza kama giligilani na kotmiri ni kitu kimoja.

"Kimoja. Ikiwa kavu giligilani, ikiwa mbichi kotmiri. Kama wewe ukilala na ukiamka."

Nilizipenda sana zile siku mbili za kupanda, na labda ndiyo maana kilichofuata kiliniuma zaidi. Bibi alizimimina mbegu kwenye kitambaa, akakikunja, akanipa chupa niizungushe juu yake kama mtu anayesukuma chapati. "Taratibu. Nnataka zipasuke, sitaki unga." Alipofungua kitambaa, harufu ilipanda mpaka machoni, harufu ya pilau kabla pilau haijawa kitu. Akanionesha kwamba kila punje ni mbegu mbili zilizokumbatiana ndani ya ganda moja, na ukiziacha hivyo zitabanana. Tukaziroweka kwenye bakuli mpaka kesho yake. Baba alikuwa ameleta mfuko wa udongo kutoka shamba la mitende la jamaa yake. Bibi akauchanganya na mchanga, akauchambua vijiwe, akaujaza kwenye kopo kubwa la samli alilolitoboa chini kwa msumari. Tulitia mbegu kwa mstari, tukazifunika kwa udongo wa kiasi cha kidole, na akanifundisha kumwagia maji kwa kuyarusha na vidole ili mbegu zisihame mahali pake.

"Hii ndo kazi yako wewe," akaniambia. "Mie nnapika na kufua. Kotmiri ya mama yako iko mikononi mwako."

Joto lilikuwa limevunjika wakati huo, asubuhi zina upepo, na Bibi alisema ndiyo majira yake, maana kotmiri ikiona joto inakimbilia kutoa maua. Nilikwenda skuli nikiwaambia wenzangu kwamba nina shamba.

Siku chache baadaye, alasiri, nilikuwa nakuja kibarazani na bilauri ya maji. Bibi alikuwa amekaa pale kwenye kigoda, simu ya mkononi sikioni, akizungumza na Khalati Zuwena, mdogo wake Mama aliyeolewa Sohar. Hakuniona. Mkono wake mmoja ulikuwa juu ya kopo, anachezea udongo kwa ncha ya kidole.

"Daktari kasema damu yake ndogo," alikuwa akisema. "Safari hii ikitoka, sijui kama mwenyewe atasalimika." Akasikiliza. "Enhe. Ndo nnavyoomba mie. Kila nikisujudu nnaomba isitoke. Walau hii baridi ipite. Isitoke tu, mwanangu."

Nilisimama na bilauri yangu. Niliuangalia ule udongo, na kidole cha Bibi kinachokwenda na kurudi juu yake.

Msomaji ataniuliza, kama kotmiri ikitoka Mama anakufa, kwa nini basi Bibi aliipanda? Nilijiuliza hata mimi. Jawabu nililolipata lilinitosha: aliipanda kabla daktari hajamwambia. Sasa imo ndani ya udongo, amechelewa, na kilichobaki ni kuomba. Mtoto huishi katikati ya mambo mengi yasiyo na maelezo. Mtoto mchanga huwekewa kisu chini ya mto, mgonjwa hufungwa uzi mkononi, na ukiuliza unaambiwa nyamaza. Kwa nini isiwe hivyo kwa kotmiri?

Nilifikiri kulimwaga lile kopo. Nililikumbatia kabisa, zito, baridi tumboni mwangu, nikalifikisha mpaka kwenye nondo. Hapo nikakumbuka kwamba kuzimwaga mbegu ndiyo kuzitoa. Nililirudisha chini taratibu kuliko nilivyowahi kuweka kitu chochote.

Basi nikaanza kuizuia. Asubuhi nilichota maji yangu mbele ya Bibi na nikayamwaga kwenye tundu la kutolea maji kibarazani. Nilitia mfuniko wa sufuria juu ya kopo ili isione jua. Niliisomea Ayatul Kursi, yote, bila kukosea, kisha nikaupulizia udongo. Siku hizi najua kwamba nilikuwa nikiisaidia: mfuniko uliuhifadhi unyevunyevu, na kiza mbegu inakipenda. Na Bibi naye, alipogusa udongo akauona mkavu, alinitazama, akauliza kama namwagia kweli, kisha akamimina bilauri nzima mwenyewe. Nilisikia maji yale yakizama kama nayameza mimi.

Kila asubuhi aliniuliza, "Imetoka?"

"Bado."

"Subira," alikuwa akisema, na mimi nikasikia mtu anayejipa moyo.

Na kila mchana Baba alipiga simu ya nyumbani kutoka kazini. Bibi alipokea, akateremsha sauti, lakini nyumba ya vyumba viwili haina sauti ya chini. "Bado ipo, alhamdulillahi. Nimezungumza nao asubuhi. Haijatoka." Kwa hiyo Baba pia alijua. Wote walijua, na wote walikuwa wakilizunguka lile kopo bila kulitaja mbele yangu, kama ilivyokuwa kwa jino. Hofu yangu ikawa na uhakika wa kitu ambacho watu wazima watatu wamekubaliana. Skuli, mwalimu akiandika ubaoni, mimi nilikuwa nikiuona udongo. Nilijifunza kupanda ngazi zetu mbili mbili nikirudi, na kusimama mlangoni mwa kibaraza nimefumba macho kabla sijathubutu kuyafungua.

Ijumaa Baba alitupeleka hospitali. Kitanda cha Mama kilikuwa kimeinuliwa upande wa miguuni, kwa hiyo miguu yake ilikuwa juu kuliko kichwa, na uso wake ulikuwa umevimba kidogo kwa kulala hivyo. Shuka ilimfunika mpaka kifuani. Nilisimama mbali, mpaka akanyoosha mkono.

"Bibi yako kaniambia unanipandia kotmiri," akasema. "Imeshatoka?"

Nilimtazama Bibi. Alikuwa akipanga machungwa kwenye sahani.

"Haijatoka," nikasema.

"Itatoka, inshaallah. Usiwe na haraka nayo."

"Mimi sitaki itoke."

"Kwa nini tena?"

Neno la kifo halisemwi mbele ya mgonjwa, hilo nilifunzwa mapema. "Basi tu," nikasema.

"Mie naitaka," akasema Mama, na akatabasamu akiwa amefumba macho. "Nimechoka na kungoja. Naiota."

Nilikwenda nikasimama dirishani, nikaangalia magari, na sikuona gari hata moja. Mama alikuwa anajua. Alikuwa anajua na amekubali, amechoka, anaitaka itoke.

Ilitoka asubuhi ya siku tusiyokwenda skuli. Baba alikwishaondoka kwenda kufanya zamu ya ziada, na Bibi alikuwa chumbani anaswali Dhuha, swala yake ndefu. Nilifunua mfuniko. Udongo ulikuwa umepasuka. Ulikuwa umenyanyuka kwa mistari, kama mgongo wa kitu kinachojaribu kuamka, na katika zile nyufa zilikuwamo shingo nyeupe zilizopinda, nyingine zimekwisha kunyooka, zimebeba nusu ya ganda kichwani kama kofia. Nilitia kidole gumba nikairudisha moja ndani. Nikairudisha ya pili. Nilipoibonyeza ya tatu, ya kwanza ilikuwa imeinuka tena pembeni, imevunjika, na bado hai.

Nilikimbilia simu ya nyumbani. Nambari ya Baba ilikuwa kwenye kitufe kimoja, mwenyewe alinifundisha kwa siku ya shida. Aliitika haraka, kana kwamba simu ilikuwa tayari mkononi.

"Baba," nikasema. "Baba, imetoka."

Nyuma yake nilisikia mashine inafanya kazi, na mtu anacheka.

"Wamepiga simu hapo?" akauliza. Sauti haikuwa yake. "Binti, nani kakwambia? Bibi yako yuko wapi?"

Nilitaka kumjibu, lakini kilichotoka ni kilio tu. Akasema kwa Kiarabu, "La hawla wala quwwata," polepole, kisha simu ikakatika.

Bibi alinikuta nimekaa sakafuni, simu mapajani. Alidhani nimeanguka. Akanipapasa magoti, akanipapasa kichwa, na alipoona mlango wa kibaraza uko wazi akatoka kutazama. Nikamsikia akisema, kwa sauti ya mtu aliyepata zawadi, "Mashaallah. Kumbe imetoka."

Sijui nilipata wapi ujasiri wa kumpandishia sauti Bibi. "Unafurahi? Unataka Mama afe?"

Alirudi ndani taratibu. Alikuwa mtu wa mwili, na kukaa chini kulimpa tabu, lakini alikaa, akashika sakafu kwa mkono mmoja na mkono wangu kwa mwingine.

"Nani kakwambia Mama atakufa?"

"Wewe. Ulimwambia Khalati. Ulisema ikitoka hatasalimika. Ulisema unaomba isitoke."

Niliuona uso wake ukibadilika. Uligeukia kibaraza, ukanirudia, na nikaona neno moja likigawanyika mara mbili ndani ya macho yake. Mdomo ulifunguka, karibu acheke, karibu alie.

"Yallah masikini," akasema. "Mwanangu, ile si kotmiri. Mie nilikuwa sisemi kotmiri." Kisha akaiona simu pale mapajani. "Ulikuwa unampigia nani?"

"Baba."

"Umemwambia nini?"

"Nimemwambia imetoka."

Nimewahi kuona watu wengi wakiogopa tangu siku ile, na naweza kusema kwamba hofu ya mtu mzima inatisha kuliko ya mtoto, kwa sababu mtoto hutegemea kwamba haipo. Rangi ilimtoka Bibi midomoni. Alininyang'anya simu, akabonyeza kitufe, akasikiliza. Ililia mpaka ikakata. Akabonyeza tena. Baba alikuwa yuko barabarani, ile barabara kuu ambayo magari hayasameheani, na lile neno langu limo ndani ya gari pamoja naye.

"Pokea, baba," Bibi alikuwa akiiambia simu. "Pokea, mwanangu. Pokea."

Sikuelewa bado. Nilichoelewa ni kwamba nimefanya jambo, na kwamba sasa si Mama peke yake. Nilimshika Bibi nguo. Yeye hakuniondoa wala hakunishika. Alikuwa akipiga, ikikata akipiga tena, na baina ya simu na simu midomo yake ikisoma. Chini walianza kupiga bati kwa nyundo, na kila pigo tulishtuka pamoja.

Simu ililia yenyewe. Bibi aliitazama kwanza, kama mtu anayetazama chungu kinachofurika, ndipo akaipokea.

Alikuwa Baba. Alikuwa yuko hospitali. Sauti yake ilikuwa kubwa kiasi kwamba niliisikia: amemkuta Mama amelala, muuguzi kamzuia mlangoni, kamwambia hakuna kilichotokea, kila kitu kiko vile vile, basi nani aliyepiga simu nyumbani, nani kamwambia mtoto?

"Kotmiri," Bibi akasema.

Akasema kitu Baba.

"Kotmiri, baba. Ilotoka ni kotmiri. Tuliipanda kwenye kopo, na mtoto alinisikia nnazungumza, akaifahamu vyengine. Hapana aliyepiga. Ni kotmiri tu."

Upande wa pili nikasikia sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwa Baba, kama mtu anayekohoa na hawezi kuacha. Niliuliza kama anacheka. Bibi akasema, "Muache." Akakata simu, akajifuta uso kwa ncha ya mtandio.

Alirudi mchana. Ubavu mmoja wa gari ulikuwa umekwaruzwa kuanzia taa mpaka mlango wa nyuma, alikuwa ameugonga ukuta wa maegesho ya hospitali, na watu wa gereji walitoka kuutazama. Nilidhani atanipiga. Alipita moja kwa moja mpaka kibarazani, akakaa kwenye kigoda cha Bibi, na akaliangalia kopo kwa muda. Kisha akaniita, akanikalisha gotini ingawa nilikuwa nimeshakuwa mkubwa kwa hilo.

"Mama yako ana mtoto tumboni," akasema. "Mdogo sana. Akitoka kabla ya wakati wake hataishi, na Mama naye tunamhofia. Ndiyo maana amelazwa. Bibi yako alikuwa akisema hiyo."

"Mimba," nikasema. Neno nilikuwa nalijua.

"Ndiyo. Ilitoka mara mbili kabla ya hii."

Nikafikiri. "Lile jino?"

Alinitazama, halafu akaangalia nondo. "Hapakuwa na jino, habibti."

Watu wazima hudhani kwamba mtoto akishaelezwa, hofu humtoka. Yangu ilikua. Mpaka siku ile nilikuwa nikiogopa kitu ninachoweza kukifunika kwa mfuniko wa sufuria. Sasa kitu chenyewe kilikuwa mbali, ndani ya Mama, mahali ambapo hakuna wa kukishika, na niliona kwamba Baba na Bibi nao hawana mfuniko. Kila simu ikilia nilikwenda chooni, nikafungua bomba, nisisikie yote yanayosemwa. Nilitegea neno la kwanza la Bibi tu: likiwa alhamdulillahi, nilifunga bomba.

Kotmiri nayo ikaendelea na mambo yake. Majani ya kwanza yalikuwa marefu na ya kijinga, hayana sura ya kotmiri, kisha yakaja yenye meno, na kibaraza chote kikanukia hata rangi za gereji zikashindwa. Ile niliyoivunja haikukua. Bibi aliniwekea mkasi mkononi akanionesha pa kukata, shina la nje, la ndani liachwe. Tukaitwanga kwenye kinu chake na pilipili mbichi, chumvi, kitunguu thomu kidogo na nazi aliyoikuna mwenyewe. Ndimu akaikamua mwisho, maana alisema ikitangulia inaua rangi. Tukaipeleka Ijumaa kwenye kichupa kilichofungwa na mfuko wa plastiki.

Mama hakungoja mkate. Alitia kidole, akaramba, akakaa amefumba macho na miguu yake ile iliyoinuliwa.

"Hii umeikata wewe?"

Nikasema ndiyo. Kisha nikamuuliza kwa sauti ndogo, maana nilikuwa sina budi kujua kutoka kwake mwenyewe. "Mtoto yumo?"

Mama alichukua mkono wangu, akauingiza chini ya shuka, akauweka kwenye tumbo lake lililokuwa gumu na la moto. Nilingoja. Kisha kitu kikanigusa kutoka upande wa pili, kidogo, kama mtu anayebisha mlango na hataki kusumbua. Niliuvuta mkono nikaogopa. Mama akaurudisha.

Mama alikaa huko hospitali baridi yote. Tulikata kotmiri mara kadhaa, Bibi akaitia kwenye supu, kwenye mchuzi wa papa, juu ya mbatata, na kila Ijumaa kichupa. Kisha upepo ukaanza kugeuka, mchana ukawa na makali, na majani yakawa membamba kama nyuzi. Bibi alisema sasa haifai tena kwa chatini, iachwe itoe maua. Nilimuuliza kama hiyo ni alama mbaya. Alinitazama kwa huruma akasema ni alama ya joto.

Simu ilikuja mchana, muda mfupi baada ya mimi kurudi kutoka skuli. Nilikuwa bado na mkoba mgongoni. Bibi alitoka jikoni, mikono ina unga, akaipokea kwa vidole viwili. Nilisubiri neno la kwanza. Hakusema alhamdulillahi. Alisikiliza, akaegemea ukuta, akateremka nao mpaka sakafuni, na machozi yakaanza kumwagika bila sauti. Nilitaka kukimbilia bomba, sikwenda. Nilisimama pale na mkoba wangu nikamwangalia Bibi akilia, na nikajua kwamba sasa imekwisha, na sikuwa na kitu cha kushika.

"Kazaa," akasema hatimaye. Unga wa mikono yake ulikuwa umemganda mashavuni. "Mtoto mwanamke. Mdogo, wamemtia kwenye kisanduku cha kioo, lakini Baba yako kasema sauti yake anaisikia mpaka ukumbini."

"Na Mama?"

"Mama yako mzima. Kachoka, lakini mzima." Alinivuta akanivua mkoba, kamba moja, kisha ya pili. "Kakuulizia. Kafungua macho, neno lake la mwanzo, kauliza kama wewe umeshakula."

Nilikuwa sijala. Bibi aliinuka kwa kushika ukuta, akanawa mikono, akanipakulia wali, na akakaa mbele yangu mpaka nikamaliza.